Je, Dhamana ya Mwenye Lori Hukoma Gari Lisimamapo?



Mwezi uliopita, baada ya darasa yetu ya usiku wa Alkhamisi, alibaki nyuma bwana mmoja katika wenzetu wahudhuriao, mtu mwenye malori sita yachukuayo mizigo kutoka bandari ya Mombasa hata Nairobi na Malaba. Aliniuliza suala ambalo nalidhani jawabu lake ni jepesi, na kila nilipolifikiri likazidi uzito. Nimeona niliandike hapa, kwa idhini yake, kwa sababu wenye malori katika mji wetu ni wengi, na wenye kupakia na kupakua ni wengi zaidi. Na kwa hakika suala lenyewe lamhusu hata asiyekuwa na gari, maadamu ana duka, nyumba au mfanyakazi mmoja.

Khabari ni hii. Lori lake moja lilikuwa limesimama mbele ya bohari huko Shimanzi, limezimwa, na dereva amekwenda kunywa chai. Mahamali walikuwa wakishusha magunia ya kilo 50. Ubao wa ubavuni wa lori lile ulikuwa na komeo lililolika, nalo tangu wiki kadhaa lilikuwa likishikizwa kwa waya. Waya ukakatika, ubao ukafunguka, magunia yakaporomoka, na kijana mmoja aliyekuwa chini akingojea zamu yake akavunjika mguu mahali pawili. Alilazwa, akatiwa vyuma, na hata leo haendi bila ya gongo. Ana mke na watoto wawili, na kazi aijuayo ni ya mgongo na miguu.

Yule bwana alimpelekea shilingi 5,000 na mfuko wa unga. Kijana akashukuru sana, akamuombea dua. Basi bwana huyu aniuliza: je, nimekwisha? Wenzangu katika biashara waniambia nimekwisha na nimezidisha, lakini usiku silali.

Namsifu kwanza kwa kutolala. Kisha na tuzitazame hoja alizopewa na wenziwe, nazo ni tatu: kwamba gari lilikuwa limesimama na bima ni ya barabarani, kwamba kijana yule si mtu wake, na kwamba lile lilikuwa jambo la qadar.

Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana yadanganya. Sheria ya Kenya ya bima ya magari, iitwayo Sura ya 405, yamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine wanaokufa au kuumia kwa ajili ya matumizi ya gari barabarani. Haimlazimishi kukatia bima mali za watu, na imewatoa wafanyakazi wa mwenye gari wanaoumia wakiwa kazini, kwa kuwa hao wana sheria yao. Basi mwenye lori akishapata cheti cha bima hii huona amekwisha kujikinga na kila jambo, kumbe amejikinga na jambo moja tu, nalo ni mwendo. Na lori, tukilitazama vizuri, sehemu kubwa ya maisha yake limesimama. Lasimama bandarini, lasimama katika mizani Mariakani, lasimama Malaba siku na siku, lasimama mbele ya bohari, lasimama katika yadi. Kila mahali lisimamapo kuna watu chini yake, juu yake na pembeni mwake.

Makampuni ya bima yajua haya, na yauza bima nyingine ya dhamana kwa watu wa nje, isiyohusu mwendo wa gari. Huko Marekani wamefika kuligawa jambo hili kwa namna ya ajabu kidogo: mzigo ukishushwa kwa mikono au kwa mkokoteni ukaumiza mtu, khasara huwa katika bima ya gari, ukishushwa kwa mtambo wa kuinulia ambao haukushikamana na lori, khasara huwa katika bima ile nyingine ya jumla. Mgawanyo huu wawafaa wenye kuandika mikataba, nao hawana budi kuweka mpaka mahali fulani. Lakini mguu uliovunjika ni ule ule. Karatasi ya bima yaeleza kile ambacho kampuni imeahidi kulipa kwa fedha ulizotoa. Haielezi kile unachodaiwa wewe. Mtu aliyenunua mwavuli mdogo hakupunguza mvua.

Hata mahakimu wa Kiingereza, ambao sheria zao ndizo zilizoletwa kwetu, hawakukubali kwamba kazi ya lori ni kwenda tu. Katika mwaka 1942 Baraza la Malodi la Uingereza lilihukumu kesi ya lori la petroli lililokuwa limesimama katika gereji mjini Belfast. Dereva alikuwa akimimina petroli katika tangi la chini ya ardhi, na huku inateremka, akawasha sigara yake na kukitupa kijiti. Moto ukazuka, mali za watu zikaharibika. Ikajadiliwa: je, kuvuta sigara ni kazi ya kampuni? Si ni raha ya nafsi yake? Mahakimu wakasema kwamba sigara kweli aliivuta kwa raha yake, lakini kitendo kile hakiwezi kutengwa na kazi aliyokuwa nayo mkononi, na kazi yenyewe ilikuwa kulinda petroli inapomiminwa. Kampuni ikabeba dhamana. Na gari lilikuwa limesimama!

Sisi wenyewe tumeyaona makubwa kuliko hayo. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi, lori lililokuwa na gesi liliripuka. Moto ukachoma magari, nyumba za watu na ghala ya nguo. Watu walikufa wamo majumbani mwao, na waliojeruhiwa walizidi 200. Mamlaka ya nishati ilikuwa imeyakataa maombi ya kuweka kituo cha gesi mahali pale kwa sababu ya wingi wa watu waliopakaa. Na juu ya hivyo idara nyingine ya serikali ilitoa kibali, ambacho baadaye ilisema kilitolewa kimakosa, na maofisa wanne wakasimamishwa kazi. Nakitaja kibali hiki kwa makusudi, kwa kuwa neno nilisikialo sana kwa wenye biashara ni hili: "Nina leseni."

Hapa nawaomba radhi wasomaji wasiopenda nitaje vitabu vya fiqhi, lakini mafaqihi wetu walilitazama jambo hili karne nyingi kabla ya injini kujulikana. Waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi hapa pwani walipita katika mlango wa dhamana, na yamkini walipita mbio, kama nilivyopita mimi ujanani. Mle mmetajwa mifereji ya maji itokezayo kutoka katika dari za nyumba hata juu ya njia ya watu. Kuitokeza ni ruhusa. Watu hawana budi kuyatoa maji ya mvua. Lakini mfereji ukianguka ukaharibu kitu, kwa qauli mpya ya Imam Shafi mwenye nyumba atadhamini. Tazama, ndugu yangu: ruhusa imo, na dhamana imo, wala moja haikuifuta nyingine. Leseni yakuondolea dhambi ya kuanza; haikuondolei deni la kilichotokea. Na katika mlango uo huo yametajwa maganda ya matikiti yaliyotupwa njiani, kwamba aliyeyatupa adhamini akiteleza mtu. Nami kila nionapo dizeli imemwagika mbele ya yadi za malori, kutoka Changamwe hata Miritini, na vijana wa pikipiki wakianguka juu yake, nayakumbuka maganda yale. Matikiti yamekuwa dizeli, basi.

Hoja ya pili, kwamba kijana si mtu wake, nayo ina ukweli kwa nje. Mahamali wale huletwa na nyapara. Mwenye lori humpa nyapara fedha za kushusha gari zima, naye huwagawia watu wake jioni. Hapana mkataba, hapana jina lililoandikwa. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 yamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na yampa mfanyakazi haki ya kulipwa bila ya kutafutwa nani mwenye kosa. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, malipo yake ni mshahara wa miezi 96, na aliyepoteza sehemu hupewa kwa kadiri ya sehemu. Ni sheria nzuri. Lakini yafaa nini ikiwa kila mtu asema "si wangu"? Mwenye bohari asema ni watu wa lori. Mwenye lori asema ni watu wa nyapara. Nyapara ni mtu wa kanzu moja, ukimdai hana kitu. Basi kijana aliyefanya kazi ya watu watatu hana hata mwajiri mmoja. Sijui kama desturi hii ilitengenezwa kwa makusudi ya kukimbia sheria au ilizuka yenyewe, lakini nawajua watu waionao kuwa ni werevu, nao waswali safu ya mbele.

Lakini hata tukimkubalia kwamba kijana si mtu wake, hoja haimfai. Hatukuuliza kijana alikuwa wa nani. Twauliza komeo lilikuwa la nani. Lau angeumia mpita njia, au mtoto aliyetumwa sigara, au mimi niliyekuwa nikienda sokoni, je, tungeulizana nani aliyeniajiri? Kitu chako kimemuumiza mtu, nawe ulikuwa ukijua kwamba chaweza kuumiza. Nilimuuliza yule bwana: "Ulikuwa wajua khabari ya komeo?" Akanyamaza, kisha akasema: "Dereva aliniambia kabla ya Ramadhani." Mimi naona neno hili moja lilimaliza kesi, na yaliyobaki yote ni maneno.

Yapo mengine mengi ya namna hii ambayo nitayapitia kwa haraka. Yadi ya malori ni mahali pa mtu, na anayeingia kwa haki, mteja au mwenye kuleta chakula, hulindwa na sheria ya wenye kumiliki mahali. Shimo la fundi lililoachwa wazi usiku lina mwenyewe. Lori lililochukua dawa za kuulia wadudu jana, lisipooshwa, halifai kuchukua unga leo, na anayelipakia unga hali ajua amewalisha watu sumu ingawa hakugonga mtu njiani. Na ulimi pia una dhamana: mwenye lori aliyepotewa na mzigo akamtangaza taniboi wake kuwa mwizi, akatuma picha yake kwa kila kampuni, kisha mzigo ukaonekana Mariakani, amevunja kitu ambacho hakitiwi vyuma hospitali. Hili nimelishuhudia, na kijana yule hakupata kazi ya gari tena mjini hapa.

Sasa hoja ya tatu, nayo ndiyo iliyonichukiza. Wasema ni qadar. Sisi twaamini qadar, heri yake na shari yake, na anayeikanusha si mwenzetu. Lakini mbona qadar hutajwa khasara ikiwa ya mwingine? Mteja asipolipa nauli, sijamsikia mwenye lori akisema Mungu amekadiria nisilipwe. Mwizi akinyonya dizeli usiku, hatusemi tumuache, ni majaaliwa. Hapo twajua sana kupanda ngazi za korti. Qadar yetu imekuwa mlinzi wa lango la matajiri: ya kwetu yapita, ya wanyonge yazuiwa. Yule aliyefunga komeo kwa waya alikuwa na mikono yake na akili yake, na fundi wa chuma pale Kibarani hataki fedha nyingi kwa komeo jipya. Imani ya qadar humfariji aliyeumia baada ya kupewa haki yake. Haikuwekwa iwe badala ya haki.

Na hapa nina jambo la kukiri. Nilikwenda kumzuru kijana yule hospitali kabla sijajua lori lilikuwa la nani. Nilimsomea, nikamuusia subira, nikamtajia malipo ya wenye kusubiri. Sikumuuliza gari ni la nani, wala komeo lilikuwaje, wala watoto wala nini. Nilitoka nikiona nimefanya wajibu wangu. Kwa hakika mimi na wale wafanya biashara tulimwambia neno moja, tofauti ni kwamba mimi nililitia Kiarabu.

Kwa hivyo lililobaki ni zile shilingi 5,000, nazo ndizo zilizonifikirisha kuliko yote. Bwana huyu alizitoa kwa moyo mweupe, wala simshutumu. Lakini alizitoa kama sadaka, na kijana akazipokea kama sadaka, na kwa ajili hiyo akashukuru. Mtu anayedai shilingi elfu mia mbili akipewa elfu tano na mdeni wake, je, yampasa kubusu mkono? Sadaka juu ya deni ni jambo la hatari kwa nafsi ya mwenye kutoa, kwa kuwa humfanya aone amepanda daraja hali bado yuko chini ya ardhi. Na ni hatari kwa anayepokea, kwa kuwa humfunga mdomo: atamdai vipi mtu aliyemletea unga? Nimewaona watu wetu wema wengi sana wenye kutoa futari kubwa katika Ramadhani, na mishahara ya watu wao ya mwezi wa Rajabu haijalipwa. Tungeanza na deni, kisha sadaka ikatoka katika kilichobaki, sidhani kama majina yetu yangekuwa makubwa kama yalivyo.

Lakini yafaa tumfanyie haki na mwenye lori. Si kila liangukalo ni lake. Lau komeo lingekuwa zima, na hamali akalifungua kwa pupa hali amekatazwa, nisingemwambia alipe. Na mtu aliyekabidhiwa mali ya watu akaichukua kwa uangalifu, kisha ikaharibika bila ya kosa lake, madhehebu yetu humwona kuwa ni amini, hadhamini. Hata hivyo yapokewa kutoka kwa Rabi bin Suleiman, mwanafunzi wa Imam Shafi, kwamba Imam alikuwa na rai hiyo ya kutomdhaminisha mwenye kuajiriwa, lakini hakuwa akiitangaza, kwa kuogopa mafundi wabaya wasiifanye kichaka. Sina faqihi nimpendaye zaidi kuliko huyu katika jambo hili: aliijua haki ya mwenye kazi, na aliwajua watu.

Na tena, mzigo wa khasara kubwa waweza kumuangusha mtu mwenye malori sita, akafunga, na madereva wake wakakosa kazi. Wazee wetu walilijua hili. Diya ya kuua kwa bahati mbaya hawakumbebesha aliyeua peke yake, bali jamaa zake waliigawana kwa miaka mitatu. Ulamaa wa zama hizi wamekhitalifiana katika bima ya biashara. Huko Damascus mwaka 1961 Sheikh Mustafa Zarqa aliitetea na Sheikh Muhammad Abu Zahra akaipinga. Bima ya kusaidiana haikupata mzozo huo, na hapa Kenya imekuwako tangu 2011. Basi asemaye kwamba hakukata bima ya dhamana kwa sababu ya uchamungu, na aifuate hiyo, au wenye malori wa mji huu waweke mfuko wao wenyewe. Uchamungu ambao khasara yake hulipwa na mguu wa hamali siujui.

Nilimpa bwana huyu jawabu langu Alkhamisi iliyofuata. Nikamwambia: la komeo ni lako. Akasema dereva naye alijua, na mwenye bohari ndiye aliyewaharakisha. Nikamwambia hayo ni kweli, na wote wawili wana fungu lao, nenda ukadaiane nao. Lakini kijana asikae na gongo lake akingoja ninyi watatu mmalize kugawana. Akaniuliza ni kiasi gani. Nikasema mimi si mwenye kupima mifupa. Mchukue kwa daktari apime ni sehemu gani ya nguvu yake imepotea, na watu wawili waijuao kazi ya bandarini wakadirie chumo lake, kisha tazameni na ile hisabu ya sheria ya 2007, msishuke chini yake.

Walikwenda kwake Jumapili, nami nilikuwapo. Alipoambiwa kwamba hili ni deni na si msaada, kijana alitishika, akauliza kama sasa yampasa kuzirudisha zile shilingi 5,000 za mwanzo. Mkewe alikuwa amekwisha kuzilipa dukani. Ikabidi aelezwe mara mbili kwamba hazirudi wala hazikatwi.

Malori matano yametiwa makomeo mapya. La sita liko Malaba, na yule bwana amempigia dereva simu asilipakie kitu mpaka fundi wa huko alitazame.